Unga Uliotangulia Kilio

Siku yangu ya kwanza kwenye mashini ya kusaga, kule mtaa wa Ruashi, sikugusa punje hata moja. Patron, mwenye mashini, alinipa ufagio akaniambia nisikilize.

"Kama inalia kavu, mahindi imeisha mu tumbo," alisema. "Kama inanguruma chini, bantu balileta mahindi ya mayi, haiyakauka. Ukijua ile, ingine utajifunza polepole."

Ndani ya mashini kuna nyundo zinazozunguka na kuponda mahindi, na chini yake kuna chujio, yaani bati lenye matundu. Chujio likichakaa, unga hutoka na makapi, na akina mama watakuambia hivyo mbele ya foleni nzima. Hayo nilijifunza kwa kuaibishwa. Baadaye Patron alinunua mashini ya pili, akanituma mtaa wa Naviundu niiongoze. Huko nilikaa mpaka nilipostaafu.

Karibu na mlango niliweka ndoo yenye kifuniko. Mtu wa mtaa akifiwa, kila aliyekuja kusaga alitia konzi moja ya unga humo. Jioni tuliupeleka kwa wafiwa: mama mmoja mbele na beseni kichwani, wengine nyuma yake, mimi mwisho. Hatukupiga hodi. Nyumba ya kilio haina hodi.

Kisha korona ikaja. Mpaka wa nchi ulifungwa, mahindi yakaadimika. Shule nazo zilifungwa, na Mama Ngalula, aliyekaanga mikate mbele ya mashini na kuwauzia wanafunzi, akazima jiko. Mume wake, Baba Kabeya, aliwahi kuwa fundi wa reli. Kila Jumapili tulicheza drafti, naye alinishinda huku akinihurumia kwa sauti kubwa. Wakati huo alikuwa amelala, kifua kinamsumbua.

Shefu wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, alituita. Tutawafanyia nini watu wetu? Nikasema ndoo ipo. Wote wakakubali, kila mwenye chochote akatia, na siku hiyo hiyo tukaanza na nyumba ya Mama Ngalula. Tulikwenda kama tulivyozoea, beseni mbele, wengine nyuma, barakoa mdomoni. Hakuna aliyekumbuka kupiga hodi.

Mama Ngalula alitoka akaziba mlango kwa mikono miwili.

"Nani alikufa?"

"Mama, ni musaada tu," shefu alisema.

"Musaada gani inatembea kama kilio? Bwana yangu iko anapumua. Murudishe ile bunga."

Kutoka ndani tulimsikia Baba Kabeya akikohoa, kisha akasema, "Ngalula, uliza kama balileta na sanduku. Nijipime."

Hakuna aliyecheka. Nyumba mbili zilizofuata zilitufungia mlango. Habari ilikuwa imetutangulia.

Tuliporudi mashinini, shefu alikasirika. "Bantu bako na njaa, tena bako na kiburi."

Patron, ambaye sasa alikuwa mzee wa kutembea na fimbo, alikuwa amekaa kwenye gunia tupu. "Haiko kiburi, shefu. Bunga haikwendake kwa muntu. Muntu njo anakuyaka na beseni yake. Muache bakuye."

Tukafanya hivyo: watu waje wenyewe na mabeseni yao. Mwenye mahindi aliacha meka moja, ule mkebe wetu wa kupimia, nami nikaimimina kwenye mdomo wa mashini pamoja na mahindi ya aliyepungukiwa. Yakishasagwa pamoja, hakuna ajuaye konzi ipi ni ya nani. Mama Ngalula alikuja na muhogo mkavu kidogo, akarudi na beseni limejaa. Alilitazama, akanitazama, akajitwika. Baada ya muda akawasha jiko uani kwake, na majirani wakanunua mikate juu ya ukuta. Mshonaji wa jirani aliwashonea barakoa waliokuwa kwenye foleni, nasi tukamsagia. Hivyo ndivyo mtaa ulivyopita katika miezi ile.

Lakini Baba Kabeya hakupita. Alikufa hospitalini, na vilio vya kukusanyika vilikuwa vimekatazwa. Mwili ulitoka kule moja kwa moja hadi makaburini, na wa familia wachache tu wakaruhusiwa. Unga wa kilio chake ulibaki ndani ya ndoo. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nikamwona Mama Ngalula ameketi uani peke yake, hakuna mukeka wa kilio uliotandikwa, hakuna wa kuketi. Aliinua mkono. Nami niliinua wangu, nikarudi kazini.

Tuliupeleka unga akiwa hai. Alipokufa, haukwenda.

Vijana wanaoendesha mashini sasa huniuliza kazi ilikuwaje. Ninawaeleza habari za chujio na za mlio mkavu. Mashini yao ni ya umeme, haingurumi kama yetu, lakini wananisikiliza kwa heshima. Ile ndoo hawakuiweka. Sikuwalaumu, hawakuwahi kuona kazi yake.

Siku yangu ya mwisho kazini, foleni ilipoisha, nilisaga meka moja ya mahindi na muhogo, kama Baba Kabeya alivyopenda bukari, ugali wake. Nikaubeba unga mwenyewe, beseni begani, barabarani, mchana kweupe. Sikupiga hodi.

Mama Ngalula alikuwa akikaanga. Alilitazama beseni mpaka mikate ikaanza kuungua.

"Nani alikufa?" aliuliza.

"Baba Kabeya, mama."

Akaepua sufuria, akafuta mikono, akaingia ndani kuleta mukeka.