Mate kwenye Fimbo

Tangu utotoni nimechukia mbwa. Kambini Tanzania, nilikokulia, niliwaona wakifukua jalala nyuma ya vyoo, kisha wakaja kulala mlangoni kwetu na pua zimelowa. Mama alikuwa akiwafukuza kwa maji ya moto. Mtu angeniambia kwamba siku moja nitashika kitu kilichotoka mdomoni mwa mbwa, ningemwona ana wazimu.

Amani iliporudi tukarejea Burundi, nikafikia Muyinga kwa kaka yangu. Nyonga zangu zilikuwa zimeshaanza kukakamaa. Kutembea niliweza, kwa fimbo, kuinama sikuweza. Kitu kikidondoka, kimedondoka. Wifi yangu ndiye aliyekuwa akiniokotea na kunivalisha viatu. Hakunitolea neno baya hata siku moja. Ila kila akimaliza, alikwenda nyuma ya nyumba kunawa kwa sabuni, nami nikisikia maji yanavyomwagika. Miguu yangu ilikuwa safi. Lakini baada ya muda hata mimi nikaanza kuiona michafu. Nikahama, nikaenda kukaa kwenye shamba la marehemu baba huko Mutaho, upande wa Gitega.

Jirani yangu wa Mutaho alikuwa mama wa Kikongo, muuza vitenge kutoka Kivu ya Kusini. Siku moja aliniletea mbwa jike, rangi ya udongo.

"Kamata hii imbwa," alisema. "We uko peke yako."

"Mimi na mbwa hatupatani, mama."

"Utaifundisha. Ya kwangu inaniletea mpaka sandali."

Nilimfundisha kwa ndagala, wale samaki wadogo wakavu wa ziwani. Nilisugua kichwa cha samaki kwenye fimbo, nikaidondosha. Akiilamba tu, simpi kitu. Akiinyanyua na kuileta mkononi, anapata samaki. Nyumba nzima ikanuka, hadi shuka zangu.

Alipoelewa, mambo yakazidi kuwa mabaya, maana sasa alileta kila kitu. Alileta mfupa wenye funza. Alileta kondo la mbuzi aliyezaa kwa jirani, akaliweka juu ya mguu wangu, lingali na joto, akaketi kungoja samaki wake. Nilitapika palepale, na kwa kuwa siwezi kuinama, nikajitapikia kifuani. Naye akaja kulamba. Nikamnyanyulia fimbo nimpige, ikaniponyoka. Akaiokota, akaniletea.

Ilikuwa na mate mazito ya uvuguvugu, yanayovutika kama ute wa bamia. Niliipangusa kwa jani la mgomba, nikaiegemea, maana bila hiyo nisingefika hata mlangoni.

Wakati wa mavuno ya maharage kaka alikuja kutoka Muyinga kunitembelea. Nilimpikia maharage na ndizi. Nikiwa napakua, mwiko ukanidondoka. Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Mbwa alikuwa ameshauokota na kunisogezea. Niliutupa kwenye beseni la vyombo vichafu, nikachukua mwingine, lakini kaka alikuwa ameshaisukuma sahani yake.

"Mdogo wangu, ndivyo unavyoishi?"

"Ndivyo."

"Rudi nyumbani. Wifi yako atakusaidia. Amewahi kukukatalia?"

"Hajawahi. Ananisaidia, halafu anakwenda kunawa."

Alitazama chini kidogo. "Na wewe ukishika mate ya huyu mnyama, hunawi?"

"Nanawa. Ila yeye haumii nikinawa."

Kaka hakuigusa tena sahani. Nilimsindikiza hadi barabarani wanakosimama vijana wa baiskeli za abiria. Mbwa alitangulia, na kwenye kona akasimama, akala kinyesi cha mtoto kilichokuwa majanini. Alikila chote, polepole, huku akitutazama. Kaka alitema mate pembeni.

"Siwezi kumwambia mke wangu nilichokiona hapa," alisema.

"Usimwambie."

Alipanda baiskeli akaenda zake.

Jioni niliketi kitandani, nikanyoosha miguu. Mbwa alinivua soksi kwa meno, taratibu, asiniume, kinywa chake kikinuka kile alichokula njiani. Niligeuza uso ukutani, nikabana pumzi mpaka alipomaliza. Kisha nikampa samaki wake.