Bi Tiketi na Viti Tulivyovishika Wenyewe

Mimi ni dobi, na dobi huwajua watu kwa kola zao. Bi Tiketi nilimjua hivyo kwa miaka kumi na moja: blauzi mbili nyeupe kila wiki, kola ipigwe pasi mara mbili. Kampuni ya safari iliyomshonea blauzi hizo ilishafungwa zamani. Alibaki na chumba kimoja juu ya duka la fotokopi, feni inayolalamika, na kiti cha wateja kilichojaa mafaili, kwa kuwa siku hizi watu hujinunulia tiketi za ndege kwenye simu. Mimi nilikuwa mmoja wa wajuaji hao.

Mwaka jana mama mdogo alilazwa katika mji wa mbali, akapangiwa upasuaji Alhamisi asubuhi. Si mtu wa kuomba, lakini Jumatatu alimpigia mama na kumwambia anaogopa kuchomwa ile sindano ya usingizi bila dada yake kuwa karibu. Jumatatu hiyohiyo mama alifunga begi, akaliweka mlangoni na kukaa pembeni yake. Tiketi tuliiona, bei inabebeka. Sisi watoto watano tukakubaliana kuchanga, na mchango wote utue kwangu kesho yake mchana.

Kumbe bei haikuwa na habari na makubaliano yetu. Saa nne ilipanda. Saa sita ikapanda tena. Tukipigiana simu, kila ndugu alinitajia bei yake, nikaona wote wamechanganyikiwa. Niliamini simu inatusikiliza. Niliifunika kwa taulo nilipoongea na mke wangu, kisha nikajifanya natafuta safari nyingine kabisa, ili isijue shida yangu. Mke wangu alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Jumanne mchango ulitimia na bei ikawa imetushinda. Mama alilibeba begi akalirudisha chumbani. Afadhali angenigombeza.

Nilimpelekea Bi Tiketi blauzi zake nikiwa nimefura, nikamwambia biashara yake ni ya wezi. Hakukasirika. Alihamisha mafaili, akanikalisha, akauliza tuko wangapi tunaotafuta na tunatafutaje. Nikamweleza, tena kwa kujisifu. Kwetu tangu utotoni hatuachi foleni. Kila mmoja husimama kwenye mstari wake na kumshikia mwenzake nafasi. Kwa hiyo kila mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliandika jina la mama kwenye simu yake, akafika ukurasa wa kulipia, akaishia hapo ili kiti kisipotee. Muda ukiisha, anaanza upya.

Bi Tiketi alivua miwani, akafuta macho. Alikuwa anacheka, mabega tu ndiyo yalitikisika.

Akanieleza kwamba viti vya ndege moja huuzwa kwa mafungu. Fungu la bei ndogo huwa na viti vichache. Vikishikwa, mashine hufungua fungu linalofuata, ghali zaidi. Wapo pia watu wa kampuni wanaotazama ndege inavyojaa na kuongeza au kupunguza mafungu. Kama simu zinasikiliza, yeye hajui. Lakini hili alilijua.

"Mama yako ameshika viti vitano, mdogo wangu," alisema. "Wewe ukija na pesa mkononi, unaambiwa vya bei ndogo vimekwisha. Mnashindana na mama yenu."

Aliniamuru niachie changu, na niwapigie ndugu zangu wote waachie na wasiguse chochote kwa nusu saa. Dada yangu mdogo aligoma. Nilimbembeleza dakika nzima. Bi Tiketi alinionya kwamba mtu mwingine anaweza kuvichukua katikati hapo, na kwamba yeye hana ahadi ya kunipa. Nusu saa ile sitaisahau. Ilipoisha alitafuta mara moja tu. Haikuwa bei ya Jumatatu, ilizidi kidogo, lakini tuliiweza. Alilipia palepale kwa pesa niliyompa, na ya kazi yake akakataa kuipokea.

Mama alifika Jumatano jioni. Alhamisi alipiga simu, sauti imemkauka.

"Amefumbua macho. Ameniuliza kama nimekula."

Nililia nikiwa nimesimama na pasi mkononi, wala sioni aibu kusema. Hata sasa kila nikimkumbuka Bi Tiketi namwombea heri.

Ijumaa nilipanda ngazi zake, sina nguo ya kupeleka. Nikamwambia mama alifika, alimshika mdogo wake mkono mpaka usingizi ukamchukua, na alikuwa hapo alipozinduka. Bi Tiketi aliacha kuandika.

"Miaka ishirini na sita nasafirisha watu," alisema. "Wakicheleweshwa wanarudi kwangu. Wakipotelewa na mizigo wanarudi. Hajawahi kuja mtu kuniambia wamefika."

Kisha akaniomba nianze upya, polepole, kuanzia pale mama alipoingia wodini.