Alama ya Nguru Tumboni mwa Papa

Jamani, leo sokoni nimefurahia kitu nisichopaswa kukifurahia.

Kazi yangu mwaijua. Twawatia nguru alama ya plastiki yenye nambari, twawaachilia baharini, kisha twangoja wavuvi waturudishie alama tujue samaki wamefika wapi.

Basi Bi Mwanaisha, mpasua samaki, akaniita.

"Mwanangu, alama yako hii. Nimeikuta tumboni mwa papa."

Nikacheka. Nguru kaliwa, hiyo nayo ni habari. Nikampa kofia yetu ya zawadi, akaivaa juu ya buibui, soko zima likacheka.

Nikaisugua alama nisome nambari.

Ina tundu. Tunduni mna uzi mweusi, umepigwa fundo.

Sisi hatutumii uzi.

Msimu uliopita Athmani, mvuvi wa Kuze, alikataa kunirudishia alama aliyoipata. Aliitoboa akaivaa shingoni kama hirizi.

"Hii imezunguka bahari ikarudi," alinambia. "Nami itanirudisha."

Athmani alitoka Jumatatu. Hajaonekana. Mkewe bado ampakulia chakula kila jioni.

Alama ninayo mfukoni. Niambieni nyinyi, hodi ya namna hii hupigwaje?