Nyonyo kwa Gari la Mtaliano

Utotoni mwangu, pale Iguguno, nilitwanga nyonyo kwa ajili ya gari. Wasichana wenzangu walitwanga mtama wakala. Mimi nilikaanga mbegu za nyonyo, nikatwanga, nikachemsha, nikaengua mafuta, nayo yakaishia kwenye injini. Mikono ilininuka hadi kanisani. Nilichoka, na hata leo nikikumbuka nachoka upya.

Lilikuwa gari la mashindano, limeundwa Italia zamani sana, viti viwili, halina milango wala paa. Mtaliano mmoja aliyekuja kulima alilileta kwa meli, kisha kwa treni hadi Manyoni. Baba alikuwa fundi wake. Mtaliano alipoondoka alimwachia gari na agizo moja: injini hii imezoea mafuta ya nyonyo tangu ilipoundwa, usiibadilishie. Baba alimsimulia kila mgeni historia hiyo, na kila alipoirudia gari lilikuwa limeshinda mashindano mengine zaidi.

Miaka ya uhaba, magari ya watu yalikaa juu ya mawe kwa kukosa oili. La kwetu liliunguruma kila siku ya gulio. Petroli ya kuombaomba ilitosha kuzunguka uwanja wa gulio tu, wakati baba alitamani kitu kimoja: kuliendesha hadi Singida mjini.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, petroli ikauzwa bila kibali. Asubuhi ya safari nilimkuta baba ameinamia injini, anamimina oili ya dukani juu ya nyonyo iliyokuwemo.

"Shikamoo baba. Na nyonyo yangu je?"

"Marahaba. Basi, mama. Umetwanga vya kutosha. Sasa upumzike."

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikapanda kiti cha pili kwa mara ya kwanza.

Kwenye kilima cha kwanza injini ilikohoa, ikagoma. Baba alipoifungua alikuta oili na nyonyo zimekataana, zimeganda kama ulimbo, na vyuma vimeng'ang'aniana. Vipuri vya gari lile hata huko Italia sijui kama vilikuwepo. Tukalisukuma hadi nyumbani.

Baba hakumsimulia tena mgeni yeyote. Siku za gulio alikaa kwenye usukani hadi watu watawanyike. Nilimwonea huruma, na hasira pia.

Msimu uliofuata nilikaanga nyonyo bila kuagizwa, ingawa gari halikuwaka tena. Harufu ilimtoa nje. Alikuja akachungulia kikaango.

"Mama," alisema, "si nilikwambia upumzike?"