Aliyekufa Katika Sehemu ya Kwanza

Nimemuua mtu mmoja tu maishani mwangu, na nilimuua kwa kipaza sauti, Jumamosi alasiri, mbele ya watu kama sitini waliokuwa wamelipa kumtazama. Ilikuwa Kabiria, Nairobi, ndani ya ukumbi wa mabati nyuma ya kisiagi cha mahindi, miaka ile ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea kazi, si cha kufanyia kazi, lakini mdomo nilikuwa nao, na mdomo ndio ulioniajiri. Nilikuwa mtafsiri wa filamu.

Ukumbi ulikuwa wa mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha, mcha Mungu ambaye hakuwahi kutazama filamu hata moja humo ndani. Alinipa masharti mawili tu: nisifungue Jumapili kabla ibada hazijaisha, na nisitukane kwenye spika. Mengine yote aliniachia. Basi nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya runinga, sauti ya filamu nimeipunguza, nikawa nasema wanayoyasema waigizaji na wasiyoyasema. Ukweli ni kwamba wasiyoyasema ndiyo yaliyokuwa mengi. Mzungu akikunja uso na kunyamaza, nilimpa sentensi tatu. Jambazi akipiga simu, kwanza nilimfanya aagize nyama choma na ugali, kisha ndipo apange mauaji.

Watazamaji wangu wengi walikuwa wakifanya kazi Lavington, mtaa wa matajiri: walinzi waliotoka zamu, watunza bustani, wapishi, mama wa kufua. Walipenda filamu za mapigano, na kuliko zote walipenda sehemu ya pili. Nina binamu aliyesoma chuo kikuu ambaye hadi leo huniambia kwamba sehemu ya pili ni filamu ileile iliyoongezwa baruti. Anasema kweli, na hajaelewa kitu. Mtu aliyeshinda juma zima juu ya ngazi akipogoa ua wa tajiri hahitaji kufundishwa kwamba binadamu hawezi kuruka kutoka ghorofa ya tisa, akaangukia pikipiki, na ile pikipiki ikawaka. Anaijua ngazi. Anajua mtu akianguka huwa anafika chini vipi. Amelipa ili kwa saa mbili aone jambo likifanyika bila mtu kuomba ruhusa. Tena sehemu ya pili haina kujuliana hali. Stelingi, yule shujaa wa filamu, unamjua, hasira zake unazijua, wewe unakaa tu kungoja vitu vilipuke.

Mmoja wa watu hao alikuwa mtunza bustani wa makamo aliyependa kukaa benchi la mbele, kofia mapajani. Mwaka huo ndugu yake mdogo, taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, alikuwa amekufa kwenye ajali katika barabara ya Mombasa. Wawili hao walikuwa wamekosana kuhusu kipande cha shamba, wakawa hawajasemezana kwa miezi kadhaa, na katika hali hiyo lori likapinduka. Hakuwa amemwambia mtu kwamba jambo hilo linamla, lakini Kabiria nzima ilijua.

Filamu yenyewe niliichukua River Road, kwa mfanyabiashara mmoja kutoka Pwani aliyekuwa akikodisha sidii kwa upole kama anayekupa zawadi. Wakati huo filamu moja ilikuja kwa sidii mbili. Niliona mbili ndani ya kasha, nikaridhika, nikazitia mfukoni. Hadithi ilikuwa ya stelingi na rafiki yake wa tangu utotoni. Wanakosana, kila mmoja anashika njia yake, na sidii ya kwanza inaishia pale rafiki anapofungiwa ndani ya ghala linalowaka moto. Watu walikuwa wamesogea hadi ukingoni mwa mabenchi. Nikatia sidii ya pili kwenye deki, na tukaona tena stelingi akinyoa ndevu, kama mwanzo. Nilikuwa nimebeba nakala mbili za sidii ya kwanza.

Mtafsiri mwenye akili angekiri. Mimi nilizima runinga, nikasema kwamba sidii imekwaruzwa, watulie, nitawamalizia kwa mdomo. Hakuna aliyelalamika. Stima ilikuwa ikipotea kila mara, kwa hiyo kumaliziwa kwa mdomo kulikuwa sehemu ya burudani, na sharti lilikuwa moja tu, kwamba mtafsiri awe ameiona filamu mwenyewe. Sidii ya pili sikuwa nimeiona hata dakika moja.

Nikaanza. Nikamrudisha stelingi ndani ya moto, nikamfanya avunje ukuta kwa bega, nikamlaza rafiki chini ya boriti. Na hapo, sijui kwa nini, macho yangu yakatua kwenye benchi la mbele. Nikamfanya rafiki amshike stelingi mkono na kumwambia, "Mimi sikuwa nimekukasirikia. Nilikuwa nangoja tu wewe uanze kuongea." Kisha nikamuua. Mtunza bustani alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

Baadaye aliningoja nje. Aliuliza kama yule rafiki alisema maneno hayo kweli, kwa Kiingereza. Nikamjibu kwamba aliyasema, neno kwa neno. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaenda zake. Wiki iliyofuata nilisikia kwamba amesafiri kwenda kwao, akamsimulia mama yake yale maneno. Nilijivuna, siwezi kuficha. Sikuirudia sehemu ya kwanza tena, wala sikuitafuta ile sidii iliyokosekana. Mwisho wangu niliupenda zaidi.

Miezi ikapita. Siku moja yule wa River Road akanionyesha kasha jipya, helikopta mbili zinagongana juu yake, akaniambia sehemu ya pili imeingia. Safari hii nilizikagua sidii hapohapo, ya kwanza na ya pili, nikaona nimekuwa mjanja. Kuitazama kabla ya siku yenyewe sikuweza, kwa maana mama mwenye ukumbi hakukubali deki ichome stima bila watazamaji. Niliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje, na Jumamosi watu wakajaa hadi mlangoni. Mtunza bustani alikuja na shati lililopigwa pasi.

Filamu haikuwa imefika mbali wakati mlango wa baa ulipofunguliwa na rafiki akaingia. Mzima. Ana kovu shavuni na anatafuna tufaha.

Sikuogopa kuchekwa. Wangenicheka juma moja, kisha wangerudi, kwa sababu helikopta zilikuwa bado hazijagongana. Nilimwogopea mtu mmoja. Kama rafiki yu hai, basi hakuna aliyesema yale maneno ndani ya moto, na mtu wa benchi la mbele alikuwa amempelekea mama yake maneno ya muhuni mmoja wa Kabiria. Kilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho kuhusu ndugu yake, nami nilikuwa karibu kumpokonya.

"Huyu," nikasema kwenye spika, "ni pacha wake."

Ilikubalika mara moja. Katika sehemu ya pili pacha ni jambo la kawaida kabisa, na watu waliwahi kumeza makubwa zaidi ya hilo. Nikapata nguvu. Nikamlea pacha nchi za mbali, nikamfundisha karate, nikamleta mjini kulipiza kisasi. Tatizo lilikuwa kwamba filamu ilikataa kunisaidia. Stelingi aliinuka kwenye kiti chake, akamfuata, akamshika uso, akaligusa lile kovu kwa kidole, kisha wakakumbatiana, wanacheka na kulia pamoja, na kamera haikuondoka.

Mtunza bustani akasimama. Hakupaza sauti.

"Kijana, wacha hiyo stori ya pacha. Huyo ni yeye. Amerudi."

Nikamwambia, bado kwenye spika, kwamba mzee, yule alikufa, niliwasimulia mwenyewe.

"Ulisema, ndio. Lakini angalia vile wanashikana. Mtu hashiki pacha hivyo."

Akaketi. Nikakiri hapohapo, mbele ya wote, kwamba ni yeye, kwamba hakufa, na kwamba aliyemuua ni mimi kwa sababu sidii ya pili sikuwa nayo. Kelele zilizolipuka humo ndani zilizidi za filamu. Mtu alinirushia gunzi la mahindi likanipata sikioni. Walicheka, wakaniita muuaji, kisha stelingi akaendesha lori la mafuta kupita katikati ya hoteli na wote wakanigeukia kwa hasira, kwa nini sitafsiri. Nilitafsiri kwa uaminifu ambao sikuwahi kuwa nao. Nisipoelewa nilinyamaza.

Ilipokwisha nilimkuta nje, kwenye vumbi la unga. Nilianza kuomba msamaha kwa ajili ya yale maneno, nikayachanganya. Alinikatiza. Alisema kwamba mama yao alishayasikia, akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na yeye hawezi kurudi kumwamsha. Nikadhani amemaliza.

"Lakini huyu mwenye amerudi," akasema, "ikikuja ingine, usimuue tena. Hata kama filamu imemuua."

Nilimwahidi, kwa wepesi wa mtu anayejua kwamba wenye filamu hawamuui mtu waliyekwisha kumwokoa motoni.

Sehemu ya tatu ilifika karibu mwaka mzima baadaye, ina nyambizi na treni inayoruka, na ukumbi ulijaa kuliko siku zote. Muda mfupi baada ya mwanzo, rafiki alipigwa risasi tatu kifuani akimkinga stelingi. Akaanguka. Stelingi akamfumba macho kwa vidole. Ukumbi mzima ukanitazama, isipokuwa benchi la mbele, ambako mtunza bustani alikuwa ameinama.

"Amezimia," nikasema.

Wakamtia ndani ya jeneza na kulifunika bendera. Nikasema wanampeleka hospitali. Askari wakapiga risasi hewani, mjane akalia, kasisi akafungua kitabu, nami nikaeleza kwa utulivu kwamba daktari amesema atapona, ila anahitaji kupumzika. Watu zaidi ya sitini, walinzi, wapishi, mama wa kufua, waliliona lile jeneza likishuka kaburini, na hakuna hata mmoja aliyebisha.