Pengo Kwenye Nyasi

Kuna mama anayeuza nafaka pale Kenyatta Market. Akimimina mahindi makavu kutoka guniani hadi kwenye debe tupu, unasikia trrrrrr, mlio mkali unaofifia kadiri debe linavyojaa. Mimi husimama. Hata niwe nimekaa kwenye kiti cha kusukwa, nusu ya kichwa misuko na nusu kichaka, miguu hunyooka yenyewe, na msusi hulalamika: "Auntie, tulia basi, utaharibu laini." Natulia. Lakini moyo unakuwa umeshafika Uhuru Park, na mimi ni mtoto wa miaka tisa mwenye soksi nyeupe za kanisani.

Acha niwaambie, maana habari hii sijawahi kumpa mtu yote.

Baba yangu alikuwa mwanajeshi, lakini si wa bunduki. Alipiga ngoma katika bendi ya jeshi, ile ngoma ndogo yenye nyuzi chini yake, inayolia kama hayo mahindi. Mama alipofariki, Baba akalala chumba kimoja na wenzake kambini, nami akanileta Woodley kwa dadake, Shangazi Rebeka, aliyekuwa akisuka watu nywele sokoni hapo hapo. Shangazi alinilisha, akanivisha, akanichapa kwa kipimo. Sina lawama. Lakini alikuwa na watoto wake watano, na niamini nikikuambia kwamba mtu anaweza kulala wanne kitanda kimoja na bado akawa peke yake.

Baba alikuja Jumapili moja kila mwezi, akinukia rangi ya viatu. Aliniita Kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa nilipewa jina la mamake, na kwetu mtu hamkemei aliyebeba jina la mamake. Jumapili moja alinikalisha jikoni, akachukua vijiko viwili, akavumisha meza ya Shangazi mpaka vikombe vikatetemeka.

"Kukhu, Jumamosi tunapiga bustanini, mjini. Wimbo wa kwanza ni wa Wazungu, wa zamani sana, na unafunguliwa na ngoma yangu peke yake, mara mbili, ndipo wenzangu waingie. Sasa, si unajua watu wetu? Wakisikia ngoma ya jeshi ikivuma hawaulizi, wanajua ni wimbo wa taifa. Wote watasimama. Wewe usisimame."

"Nikae?"

"Kaa kabisa. Mimi niko juu jukwaani, nitaona pengo, nitajua ni wewe. Tukimaliza nakuja hapo hapo, tunaenda kula chipsi, kuna jambo nataka kukuuliza. Usitoke hapo. Shangazi nitamwomba akulete, lakini hilo la kukaa asilijue, ni siri ya jeshi."

Nilikubali, lakini sikuelewa hata kidogo. Nikikaa katikati ya msitu wa miguu, ataonaje mtoto? Nikajiambia kwamba wanajeshi hufunzwa kuona kupitia watu.

Jumamosi ikafika. Shangazi alimwacha mteja sokoni na kichwa nusu, akamwambia, "Dakika kidogo tu, nakuja," akanishika mkono tukaenda. Bustani ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamekaa kwenye nyasi na mahindi ya kuchoma na mizigo waliyonunua River Road. Jukwaani tarumbeta za shaba zilimeremeta kama jua la pili. Nilimwona Baba nyuma kabisa, mdogo kama askari wa kuchezea. Nilipunga mkono. Hakuona.

Kisha ikaja. Trrrrrrr.

Lo! Umati wote ulisimama kama ulioitwa jina. Kofia zilivuliwa. Muuza njugu alikauka na beseni kichwani. Mzee aliyekuwa ameng'ata hindi alisimama nalo mdomoni, hakutafuna wala hakutoa, heshima kwanza. Mlevi mmoja alipiga saluti kwa mkono wa kushoto. Mimi nikakaa. Nilikumbatia magoti, nikatazama visigino vya watu, nikahesabu moja, mbili. Nilikuwa naogopa na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja.

Shangazi akatazama chini. "Wewe! Huna adabu? Ni wimbo wa taifa!" Akaninyanyua kwa kola mpaka vidole vya miguu vikaning'inia. Ningeweza kurudi chini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mkono wake ulishaniachilia, na ningeweza kukaa tena. Lakini yule mzee wa hindi alikuwa ananitazama, na mama mwingine alikuwa anatikisa kichwa, nikaona aibu, nikabaki nimesimama wima kama wengine.

Ngoma ilinyamaza. Kikafuata kimya. Nakumbuka kilikuwa kirefu mno. Fimbo ya kiongozi wa bendi ilibaki hewani, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Mtu nyuma yangu alianza kuimba wimbo wa taifa, akasikia yuko peke yake, akaumeza. Ndipo ngoma ikavuma mara ya pili, safari hii kwa unyonge, na bendi yote ikaingia kwa wimbo mchangamfu, wa kutembea na kurusha mikono.

"Hii ni gani sasa?"

"Ni ya Wazungu."

"Kwa hivyo tukae ama tusimame?"

Hakuna aliyejua. Wengine walikaa nusu, wakamwona jirani amesimama, wakainuka. Kicheko kikaanza huku, kikazuka kule. Wimbo ukapanda polepole kama maziwa jikoni, na ulipofurika akina mama walikuwa wanacheza kwa mabega na mlevi bado anapiga saluti. Ulipokwisha hawakupiga makofi upesi, waliogopa kudanganywa tena.

Nilibaki pale pale nilipoambiwa. Shangazi alisema twende. Nikasema bado. Watu walitawanyika, nyasi zikabaki na maganda ya njugu. Wanajeshi walipakia ngoma kwenye lori, likanguruma, likaondoka. "Twende, mama," Shangazi akasema, safari hii kwa upole. "Kuna kichwa cha mtu kinaningoja." Tulipanda Valley Road kwa miguu. Sikulia. Niliamua tu kwamba Baba hakunitafuta.

Alipokuja tena nilimsalimia kwa mkono, kama anavyosalimiwa mchungaji. Shangazi akajigamba mbele yake: "Ungemwona siku ile! Alisimama wima kuliko askari." Baba alinitazama, akasema, "Ni vizuri," akanywa chai yake. Jumapili zake zikapungua. Nikakua, nikaolewa, tukawa watu wa kuulizana hali ya mvua kwenye simu.

Alifariki mwaka jana. Kwenye matanga alikuja Mzee Wafula, aliyekuwa akipiga matoazi kando yake. Akacheka kidogo, akaniuliza, "Ulijua babako alituaibisha Uhuru Park? Alisahau kupiga ngoma ya pili. Kiongozi anamwashiria, yeye anatazama watu tu. Nikamkanyaga mguu. Akaniambia, Wafula, sioni pengo."

Nilimvutia kiti akae.

"Wiki ile alikuwa amepewa nyumba ya familia," mzee akaendelea. "Alitaka akuulize kama utahamia kwake. Baadaye alisikia kwamba ulikuwapo na ulisimama. Akasema basi, Kukhu ameshajibu kabla sijauliza."

Kumbe kile kimya kirefu kilikuwa changu. Watu elfu walikuwa ndani yake wakidhani ni heshima ya taifa, na alikuwa baba mmoja anamtafuta mtoto wake. Nilikuwa nimeshasimama jukwaani mara ngapi, mimi mwalimu, nikaona jinsi kiti kimoja kitupu kinavyoonekana haraka kuliko nyuso mia! Na bado sikuwahi kujiuliza kuhusu siku ile.

Siku ya maombi ya kumuaga, kabla ya mwili kupelekwa nyumbani magharibi, uwanja wa kanisa ulijaa. Mzee Wafula alikuwa amekuja na ngoma. Alipanda ngazi za kanisa, akavumisha. Trrrrrrr. Waombolezaji wote wakasimama, mpaka mchungaji. Mimi nikakaa.

Shangazi Rebeka, mzee sasa, akanivuta shali. "Simama, mwanangu. Watu wanaona."

"Wacha waone, Shangazi."

Wafula alishikilia vijiti hewani, akapitisha macho juu ya vichwa polepole, safu kwa safu, mpaka akafika kwangu. Akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akapiga ya pili.