Jumapili ya Sare

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wanaokaangwa kwa mawese ndiyo iliyotuamsha mtaani kwetu Rugenge msimu ule. Zamani ilikuwa harufu ya jioni, ya nyumba moja moja. Ghafla ikawa ya asubuhi na ya mtaa mzima, inapanda kutoka kila ua kana kwamba Uvira yote ina harusi. Ulikuwa mwaka uliofuata uhuru, uasi ulikuwa haujatufikia, na wakubwa wa mji walikuwa wamealika timu za Bukavu, Usumbura na kwingineko kuja kushindania kombe kwenye kiwanja chetu cha vumbi. Nilikuwa na miaka tisa. Kombe sikulijua, lakini wageni niliwajua vizuri, maana wawili kati yao walikuwa wamelala kwenye kitanda changu.

Mtaa mzima ulikuwa umehamia jikoni na mikeka yake ili wageni walale vyumbani. Wavuvi, watu wapole siku zote, walianza kuringa. Ukiuliza bei ya mkeke, yule samaki wa ziwani, wanakuuliza kwanza unampikia nani. Wafugaji walishuka kutoka milima ya Rurambo na vibuyu vya maziwa, wakapanda mlima wamevaa viatu vipya. Fundi cherehani, ambaye tangu nimjue alikuwa akitia viraka tu, alishona bendera za timu zote bila aibu, na alimwapia kila shabiki kwamba yuko upande wake. Jirani yetu mzee alikuwa na kiti kimoja chenye mgongo. Alikibeba hadi uwanjani, akakikodisha, mwenyewe akatazama mpira amesimama, tena kwa furaha kubwa.

Mama yangu alikuwa mpishi hodari na mtu wa kuthubutu. Nyumba yetu ya nyasi ilivuja vibaya, na kwa muda mrefu alikuwa akiweka akiba ya kununua mabati. Wageni walipoanza kuingia, aliichukua akiba hiyo yote, akaenda Bwegera, akarudi juu ya lori amekalia magunia ya mchele. Akajenga kibanda cha chakula mbele ya nyumba, na kwa kweli watu walikula. Lakini alikuwa amepiga hesabu vibaya. Alidhani mpira wa namna ile, wenye timu zote zile, utachezwa mpaka watu wachoke. Tulipofika fainali, zaidi ya nusu ya magunia ilikuwa bado imeshonwa midomo, wageni walikuwa wakifunga mizigo ya Jumatatu, na mawingu ya mvua yalikuwa tayari yamekaa juu ya milima. Mchele usipouzwa, mabati hakuna.

Tumaini lilikuwa moja tu. Enzi zile fainali ikiisha sare, ilirudiwa Jumapili iliyofuata, na wageni wangebaki wiki nzima wakila. Wanawake wote wenye vyungu walilijua hilo. Shida ni kwamba fainali ilikuwa ya Uvira na Bukavu, na kipa wa Uvira alikuwa baba yangu.

Asubuhi ile mama alimwekea uji, akakaa karibu naye, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

“Baba Furaha, minye sisemi ufungwe. Niko nakuambia tu, mchele iko mingi.”

“Mama Furaha, weye unataka batu banizomee? Mpira na mchele ni vitu viwili.”

Mama alichukua kijiko. Alimwongezea sukari.

Uvira tulitangulia kwa bao moja, na baba alidaka kila kitu mpaka nikaanza kuuonea huruma mchele wetu. Mchezo ulipokaribia kwisha, mtu wa Bukavu alipiga shuti la mbali, dhaifu, shuti la kuondoa lawama. Baba akaruka, mpira ukapita chini ya mkono wake, ukaingia taratibu. Wanaume wakashika vichwa. Halafu, kutoka upande wa wauza chakula, vigelegele vikalipuka. Wanawake wa Uvira walikuwa wakishangilia bao la Bukavu! Mama peke yake hakupiga. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, anamtazama baba kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona nyumbani.

Wiki ile baba alitaniwa mpaka bandarini alikofanya kazi. Walimwita Kipa wa Sufuria. Alikasirika, akasubiri Jumapili. Na Jumapili hiyo alidaka kama ana mikono minne, hakupitisha hata nzi, tukachukua kombe. Hiyo ndiyo iliyommaliza kabisa: watu wote waliona kwamba mtu anayeweza kudaka namna ile hawezi kufungwa na shuti la kitoto isipokuwa ametaka. Mchele uliisha hadi punje ya mwisho. Mabati yalipigwa misumari kabla ya mvua, na mvua ya kwanza ilipoyaangukia kwa kishindo, mama alimgeukia baba na kumwambia kwa sauti ya juu ili asikike, “Aksanti, Baba Furaha.” Baba alitabasamu akitazama miguu yake. Uasi ulipokuja tulikimbilia milimani, na kwa bahati tuliporudi tuliyakuta mabati yetu juu ya nyumba.

Siku hizi sare inamalizwa kwa penalti hapo hapo, na wageni wanapanda magari jioni ile ile. Mwaka juzi, mama akiwa ameshafariki, nilikuwa na baba tukisikiliza redioni fainali ya namna hiyo, na watu wenye elimu wakieleza mji mwenyeji umefaidika vipi. Nikamtania kwamba hawajui kipa mmoja aliufaidisha mji wake kwa kulegeza mkono. Baba hakucheka.

“Furaha, ule mpira minye niliukosa. Niliruka na roho yangu yote.”

Nilimuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakumwambia mama.

“Mama yako alinishukuru kila mvua iliponyesha,” akasema. “Weye ungemukatazaje?”